Ukungu wa Saa Sita Mchana

Mwanangu Yona,

Umekosa. Naanza na hilo, salamu zitasubiri. Juzi ulipopiga simu ukasema shikamoo, sikuitikia, simu ikakatika, ukadhani ni mtandao wa huku milimani. Haukuwa mtandao. Ni mimi nilibonyeza. Shikamoo yako sijaipokea, na sitaipokea mpaka uyatimize ninayokuambia hapa.

Mtu mzima, dereva wa lori, baba wa mtoto, unamwambia binti wa miaka tisa kwenye simu, "Vua hiyo miwani, kwetu hakuna vipofu." Ulimwambia ukiwa umekaa wapi? Morogoro huko, kwenye kiti cha lori, unasubiri kupakiwa mzigo. Ukasema, ukakata, ukaendelea na chai yako. Huku mtoto akavua. Angekuwa mkaidi ningeshukuru. Ametii, na ndiyo maana naandika.

Naandika kwa mkono wangu. Unajua shule yangu iliishia darasa la pili, kwa hiyo usihangaike na herufi zilizolala, soma maneno. Karatasi nimechana kwenye daftari la mwanao, kurasa za nyuma. Na kabla sijaituma, nitampa mwalimu wake aisome Jumatano mbele ya kikao cha wazazi. Usiniulize kwa nini natoa mambo ya nyumbani nje. Haya nimeyaficha miaka thelathini na kitu na hayajamfaa mtu yeyote. Tena hapa kijijini wako wazazi wengi wa kuambiwa, nawajua kwa majina, na Jumatano nitakaa benchi la mbele nimegeuka nyuma nawatazama.

Sasa kaa vizuri.

Unaikumbuka njia ya chini, ile inayoteremka kutoka kwetu, inapita kwenye mfereji, inavuka kijito, inapanda mpaka barabarani kwenye magari ya mboga. Unaikumbuka sana, hata kama kila Krismasi ukija unazunguka njia ya juu, mbali mara mbili, na kusema unanyoosha miguu baada ya kukaa kwenye lori. Nimekuona miaka yote hiyo. Sikusema.

Ulikuwa na miaka minane. Dada yako Raheli alikuwa na kumi na mitatu, mrefu ameshanipita mimi. Mlitembea wewe mbele yeye nyuma, amekamata kola ya shati lako, mkono haubanduki. Watu walicheka, eti msichana mkubwa anaongozwa na katoto. Na mdomo wako haukutulia: "Jiwe. Mzizi. Mfereji, ruka. Mama Eva anakuja, msalimie." Basi dada yako anatoa shikamoo kubwa, Mama Eva bado yuko mbali hata hajajiandaa kuitikia, na wewe unamgonga kwa kisigino, "Bado dada, subiri nikuambie."

Mimi nilidhani mnacheza.

Siku ulipokuwa shule akatembea peke yake, nililetewa habari jioni. "Binti yako ana kiburi. Amenipita hivi, uso kwa uso, hakunisalimia." Wewe umekulia hapa, unajua mtoto asiyesalimia wakubwa anavyosemwa, na mama yake anavyosemwa zaidi. Nikamchapa. Akaja mwingine na habari hiyohiyo, nikamchapa tena. Dada yako hakujitetea. Alisema tu, "Sikumwona, mama." Nami nikamwambia, "Mtu mzima mwenye kikapu kichwani humwoni? Unamfanya mama yako mjinga?"

Na wewe uliniambia, Yona. Hilo sijalisahau hata siku moja, nikilala nalo naamka nalo. Ulikuja jikoni nachochea moto, ukasimama karibu na mafiga, ukasema, "Mama, dada haoni." Nikakupiga kofi. Nikasema, "Usimtukane dada yako, macho yake makubwa kuliko yako." Na kweli yalikuwa makubwa, mazuri, watu walimsifia. Ulishika shavu, ukatoka. Hukusema tena. Mtoto wa miaka minane alijua, mama mtu hakujua, kwa sababu mtoto alitembea naye na mama alimtuma tu.

Shuleni walimweka benchi la nyuma kwa ajili ya urefu. Wafupi mbele, warefu nyuma, ndivyo ilivyokuwa, na mpaka leo naona ndivyo ilivyo. Kutoka huko nyuma ubao kwake ulikuwa ukuta mweusi. Akawa ananakili kwa jirani, akakamatwa, akachapwa. Mwalimu akaniita, akasema, "Mama, huyu hana kichwa, anaibia." Nikaamini. Nilikuwa nawaogopa watu wenye chaki, mimi wa darasa la pili. Sikumuuliza mwalimu hata swali moja. Lakini huyo asiye na kichwa, kanisani alijua nyimbo zote, beti zote, mpaka mchungaji akadhani anasoma. Alikishika kitabu cha nyimbo puani kabisa, nami nikimfinya pajani, "Shusha kitabu, watu wataona unajificha." Akashusha. Akaimba vilevile, kwa moyo, kitabu kiko magotini kimefungwa. Hata hilo halikunifungua akili.

Nikamtoa shule akiwa darasa la tano. Nikasema abebe mboga, wewe mwenye kichwa ndiye usome.

Sasa nikuambie kuhusu ukungu. Huku kwetu nani anauliza habari za ukungu? Unaingia mpaka jikoni kama mgeni aliyezoea. Basi dada yako akisema asubuhi, "Mama, ukungu haujaondoka," ni kweli, haujaondoka. Akisema saa nne, nasema labda kule bondeni. Lakini alikuwa anasema hata saa sita mchana, tuko shambani jua limesimama utosini. Nikajua anatafuta sababu ya kutobeba mzigo. Nikamwambia, "Ukungu uko kichwani mwako wewe."

Kisha akasema, "Labda." Namsikia mpaka leo akilisema hilo neno. Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anafikiri kweli.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Mlikuwa mlangoni. Yeye ana tenga la kabichi mgongoni, kamba iko kwenye paji la uso, na mkono wake uko tayari kwenye kola yako. Wewe una daftari. Nikasema, "Yona, nenda shule, umechelewa. Dada yako njia anaijua."

Ukasema, "Nimvushe tu kwenye daraja, mama, nirudi mbio."

Nikasema, "Njia anaijua."

Nilimtoa vidole kwenye kola yako mimi mwenyewe, kimoja kimoja. Ukaondoka kwa njia ya juu. Ukageuka mara tatu. Nilikuona.

Daraja lilikuwa magogo mawili, na mvua ilikuwa imechukua moja. Mwenye macho angeona kutoka kwenye kona, hata mlevi angeona. Mama Eva alikuwa ng'ambo anachota maji, akapiga kelele. Aliniambia baadaye kwamba dada yako hakusita. Aliweka mguu pale ambapo gogo lilikuwa siku zote.

Msibani walisema Mungu amempenda zaidi. Nikaitikia. Ilikuwa rahisi kuitikia hilo. Wewe ulikaa chini ya meza ya chakula siku mbili, na ulipotoka hukuwa tena mtoto wa kusema "jiwe, mzizi". Ukawa mtu wa maneno mafupi. Ukasoma, ukapata leseni, ukashuka mlimani. Na kila mtu akasema Yona amefanikiwa.

Hayo ya zamani nimeyamaliza. Sikiliza ya sasa.

Mwanao ulimleta kwangu akiwa na miaka mitatu, mama yake alipokwenda kuolewa kwingine. Ulimpa jina la dada yako mwenyewe, sikukuomba. Ukamweka uani na mfuko wake wa nguo, ukanywa uji umesimama. Siku ya pili niko jikoni nikasikia miguu nje. Ule mwendo. Kidole gumba kinatangulia, kinapapasa, ndipo wayo unashuka. Nilisimama na mwiko mkononi, sikutoka mpaka ile miguu ilipopita. Nilimwogopa mtoto wa miaka mitatu, Yona. Nilisema moyoni, amerudi, amekuja kuniuliza.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili ni la watu wa kwetu. Alipokuwa anajikwaa nilisema ni jina. Alipokunja macho nilisema ni jina, amechukua sura ya shangazi yake pamoja na jina. Watu wa ukoo waliokuja kunitembelea wakasema hivyohivyo, wengine wakataka tumfanyie tambiko, wengine wakataka abadilishwe jina. Tulizungumza habari za marehemu mpaka chai ikapoa, na mtoto aliye hai amekaa pale kwenye mkeka anatafuta kijiko chake kwa mikono. Hakuna aliyemwinamia amtazame machoni. Miaka sita nimeishi na kivuli cha dada yako ndani ya nyumba, na nikamwacha mtoto mwenyewe apapase.

Shule wakamweka nyuma, maana amerefuka. Mwalimu akaniandikia, "Mtoto hajitumi." Wewe ukaniambia kwenye simu, "Mchape, mama, unamdekeza." Ukaomba nimpe simu, ukamfokea. Mimi nikawa najua jambo na sitaki kulijua.

Mwaka huu mvua za masika zilipoisha tulikuwa shambani tunapalilia karoti. Saa sita. Anga imeoshwa, unaona mpaka nyika kule chini, unaona vumbi la gari. Nikamwambia, "Raheli, hebu angalia barabarani kama gari la mboga limefika."

Akasimama, akakunja macho, akaniambia kwa upole, "Bibi, ukungu bado."

Jembe lilinitoka mkononi. Nikauliza, "Ukungu upi?"

"Huu."

"Uko wapi?"

"Si huu hapa, bibi. Kila mahali. Kwani wewe unaonaje?"

Nikaenda mpaka kwenye mti wa plamsi, hatua kumi hazifiki. Nikainua mkono. "Vidole vingapi?"

Akacheka, akaona ni mchezo. "Njoo kwanza, bibi. Uko wapi?"

"Nimesimama mbele yako."

"Mimi nilidhani huo ni mti."

Nikasogea kwake hatua moja, nauliza, "Sasa?" "Bado." "Sasa?" "Bado." Nikafika mpaka pua yangu karibu igonge yake, shubiri moja. Akasema, "Vitatu. Na kucha hii ina kidonda, bibi, ulijikata na nini?"

Nilikaa chini kwenye tuta, juu ya karoti. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua.

Kesho yake tukapanda gari kwenda Lushoto mjini, hospitali, kwa watu wa macho. Sikukuomba ruhusa, na sitakuomba. Dada mmoja mpole alimweka kwenye kiti, akamwonyesha alama ukutani zenye miguu mitatu, aseme miguu imeelekea wapi. Mwanao akauliza, "Ukuta gani?" Yule dada akamwacha kidogo akaniangalia mimi. Alinisalimia tena, sijui kwa nini, alishanisalimia mlangoni. Akasema, "Bibi, kwenye ukoo wenu yuko mwingine asiyeona mbali?"

Nikasema, "Alikuwepo."

"Alitumia miwani?"

Nikasema, "Alitumia ndugu yake."

Hakuelewa. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Wewe unaelewa.

Miwani ilipokuwa tayari tulirudi kuichukua. Ni minene, sitadanganya, vioo kama kitako cha chupa. Tukatoka nje, akasimama kwenye ngazi, hatembei. Anaangalia mlima wa ng'ambo. Akaniambia, "Bibi, kule kuna nyumba?"

"Zipo tangu zamani. Hata kwetu ng'ambo zipo."

"Na wale wanaoitana jioni, wanakaa kule?"

"Ndiyo, wanaitana kutoka kwao."

"Mimi nilidhani wako ndani ya ukungu tu, wanapita."

Miaka tisa, Yona. Mtoto amekaa miaka tisa akidhani dunia ina watu wanaopita ndani ya ukungu wakiitana. Kisha akanigeukia, akaniangalia usoni kwa muda, akasema, "Bibi, kumbe wewe ni mzee hivi." Nikamwambia basi avue. Tukacheka pale mlangoni kwa hospitali mpaka mlinzi akatuuliza kuna nini. Sijacheka hivyo tangu dada yako.

Wiki nne alivaa. Nilikwenda shule nikamwambia mwalimu amweke mbele, na wale wafupi watakaozibwa wainuke kidogo, hawatakufa. Safari hii niliuliza maswali, nikakaa mpaka nikajibiwa. Mwalimu ni kijana, si mbaya, alisema, "Bibi, samahani, sikujua." Nikamwambia samahani hiyo tugawane.

Jioni, kabla jua halijazama, tulikaa kwenye kizingiti penye mwanga. Mimi napukuchua maharage, yeye anasoma. Simsahihishi, nitamsahihisha na nini? Mengine siyajui. Namwambia, "Hapo hujanielewesha, nieleze tena." Akinieleza mara ya pili anaeleza vizuri zaidi, na mara nyingine anasema, "Ngoja, bibi, kumbe nimekosea." Sikumuuliza amekuwa wa ngapi. Nilimuuliza, "Leo umeona nini?" Siku moja akajibu, "Nimemwona mwalimu anacheka. Nilidhani huwa hacheki." Siku nyingine, "Nimewasalimia watu sita njiani, bibi, kabla hawajanifikia."

Watu sita. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu kidogo.

Hapo nyinyi mliokaa kwenye kikao mnasikiliza, hili ni lenu, Yona atatusubiri. Mtoto wako akimpita mkubwa bila kusalimia, kabla hujashika fimbo, simama hatua kumi mbele yake umuulize vidole vingapi. Akileta daftari puani usimwambie anakula kitabu. Akigeuza sikio unapomwita, akilala kila saa, akinyamaza, kaa naye chini. Hutaki kukaa, una shamba, una mifugo, una kikundi. Nami nilikuwa navyo. Nilikuwa na kabichi nzuri kuliko zote mtaani. Kaburi lake mnalijua lilipo, mnapita hapo kila Jumapili ya Matawi na majani yenu mkiimba. Tena wewe, mama wa benchi la pili, usiangalie chini, mtoto wako wa mwisho nimemwona anavyoshika ukuta.

Sasa nakurudia, Yona.

Jioni moja mwanao aliniuliza, "Bibi, baba ana uso gani?" Nikashangaa. Krismasi ulikuwa hapa siku tatu. Nikasema, "Si ulimwona?" Akasema, "Nilimsikia. Baba ana sauti, na viatu vinavyolia."

Hivyo ndivyo binti yako anavyokujua. Mimi ananijua kwa sababu namsuka nywele, uso wangu uko karibu. Wewe hujawahi kumkaribia shubiri moja. Unampa zawadi mkono umenyooshwa, kama unamlisha ng'ombe mkali. Jina lake ulimpa wewe na hulitamki, unasema "huyo mtoto". Sikulaumu bure, kwa sababu najua. Anatembea kama dada yako, anakunja macho kama dada yako, na wewe ukimwona unataka kukimbia kama mimi nilivyosimama na mwiko jikoni. Lakini mimi nilikuwa na mlango wa kujificha, wewe umechukua lori zima.

Ndipo ukapiga simu, naye akaikamata kwa furaha, akakuambia, "Baba, nina miwani, sasa naona mbali." Ulinyamaza. Nilikuwa karibu, nilisikia ulivyonyamaza. Nilidhani unalia. Kisha ukasema ulichosema.

Alivua palepale. Ameifunga kwenye kitambaa, ameiweka kwenye debe la mbegu za maharage, chini kabisa. Najua ilipo, sijaitoa. Nimeamuru, nimebembeleza, nimetishia kumnyima uji. Anajibu kwa adabu zote, "Baba amesema, bibi." Tulimfunza kutii wakubwa na amefunzika. Neno lako amelishika, na atakayelitengua ni wewe. Mwalimu anasema amerudi kunakili kwa jirani. Na njiani ameacha kusalimia. Jana tu nimeletewa habari: "Mjukuu wako siku hizi ana kiburi." Maneno yaleyale, Yona. Hata sauti ilikuwa ileile.

Alhamisi mvua ilinyesha. Nilimwona anashika njia ya chini, maana shule yao mpya iko ng'ambo ya kijito, nikamfuata kwa nyuma, na magoti yangu haya. Daraja siku hizi ni mbao, umeliona? Hujaliona. Ubao mmoja katikati umeoza, umeanguka. Alifika ukingoni, akasimama. Akainua mguu. Kidole gumba kikatangulia, kikapapasa hewani. Na Mungu anisamehe, sikuona mwanao pale. Niliona tenga la kabichi. Nilinyoosha mkono nikashika hewa, kana kwamba kuna kola.

Akarudisha mguu. Akapiga magoti, akavuka kwa kutambaa, mikono inatafuta mbao, sketi ya shule imejaa tope. Alipofika ng'ambo akajifuta, akaendelea na safari ya shule. Hakujua niko nyuma yake. Nilikaa palepale kwenye majani mpaka umande ukapita kwenye khanga, nikajua siku moja atakuwa amechelewa, hatapiga magoti.

Neno moja nilipaswa kukuambia ulipokuwa chini ya ile meza. Nilishindwa, na kila mwaka uliopita likazidi kuwa zito. Nakuambia sasa mbele ya watu wote. Hukumwacha wewe. Ulitaka kumvusha, nikakutuma shule. Vidole vyake nilivitoa mimi kwenye shati lako. Ulisema haoni, nikakupiga. Wewe ulikuwa macho yake na uliifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu mzima yeyote wa nyumba hii. Mzigo huo nirudishie, ni wangu, nimeuzoea.

Sasa fanya hivi. Ijumaa uombe ruhusa, Jumamosi uwe hapa, na ufike jua likiwa juu. Ukishuka barabarani usizunguke njia ya juu. Pita ya chini. Njoo na ubao na misumari, lile pengo ulizibe kabla hujaja kula. Ukifika nyumbani usisimame mlangoni. Ingiza mkono kwenye debe la maharage mpaka chini, toa miwani, ipanguse na shati lako, umwite kwa jina lake lote na umvalishe mwenyewe. Mwambie ulikosea. Halafu kaa hapo mbele yake, shubiri moja, usigeuze uso, umwache akutazame mpaka atosheke.

Jumatatu mpeleke shule. Yeye atangulie, wewe ufuate nyuma, na yeye ndiye akuambie: jiwe, mzizi, daraja.

Ukirudi kutoka huko, njoo jikoni unisalimie. Nitaitikia.

Mama yako,
na bibi wa Raheli